Namna ya Kusanifu Jarida Singida Bila Kukata Vitunguu Vibaya

Kwanza kabisa, mnyang'anye mwenyekiti wa kamati kipanya cha kompyuta. Akibaki nacho atachagua fonti saba kwa toleo moja, kila fonti na rangi yake, mpaka mwanachama wa Ikungi asijue kama anaitwa mkutanoni au harusini. Fonti mbili zinatosha: ya vichwa vya habari na ya matini.

Kisha chora gridi. Aliyewahi kupanda alizeti kwa kamba, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, hahitaji semina: shamba linapalilika, na penye pengo panaonekana ukiwa barabarani. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Toa 15 za pambizo kila upande, unabaki na 180.

Hapa ndipo jarida zima huharibikia. Msanifu anachukua kiolezo cha safu tatu kilichoandaliwa kwa Kiingereza, anaacha milimita 6 kati ya safu na safu, na kila safu inapata 56. Kwa Times New Roman ya pointi 10, mstari hubeba herufi 35 hivi. Fonti hiyo ilitengenezewa gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Kubana maneno ndiyo kazi yake. Sasa ingiza humo "waliotutembelea". Neno moja limekula karibu nusu ya mstari. Ukilazimisha mistari inyooke pande zote mbili, maneno yaliyobaki yanakimbiana, na katikati yao unapitisha ng'ombe na mchungaji wake.

Programu nayo, kwa kuwa imewekwa Kiingereza, inaamua kusaidia. Msomaji wa Kiomboi anatafuta bei ya gunia, anakuta "vitun-" mwisho wa mstari, na chini yake limesimama "guu" peke yake. La nani? Zima ukataji huo leo hii. Kiswahili hukatika kwa upole baada ya irabu, vi-tu-ngu-u, mradi usitenganishe ch, sh, ny, wala ng' na ritifaa yake.

Tumia safu mbili za milimita 87. Mpe msomaji pointi 14 toka mstari hadi mstari, na uache ukingo wa kulia uishie unapoishia. Maneno yetu ni marefu; karatasi ndiyo iyafuate.

Picha ya mgeni rasmi ikae ndani ya safu moja. Atanuna, mvumilie. Safu mbili mpe mama anayeendesha mashine ya kukamua alizeti, maana habari ni yake.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, chapa ukurasa mmoja, mpe mzee asome kwa sauti. Akirudia mstari aliokwisha kuusoma, mistari imebanana: ongeza pointi moja, umpe tena.