Omena Wako Likizo ya Uzazi

Shemeji wangu ni mtu wa Kisauni, Mombasa, na anafuga kuku. Mambo hayo mawili yakikutana, msafiri huponzeka. Alitua Kisumu mwezi wa Julai na hesabu yake kichwani: omena wa kulisha kuku ni ghali pwani, omena wanatoka Ziwa Victoria, basi tuizunguke Ghuba ya Winam kwa gari, tule samaki, tupige picha, turudi na magunia ya bei ya kutupa. Nikamweleza kuwa uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wapate kuzaliana. Akacheka sana.

"Ziwa lote lile, shemeji? Nani ana kufuli ya ukubwa huo?"

Wazungu nao wana safari za namna hii. Wapo wanaofunga safari katikati ya kiangazi kwenda Chamonix, mji wa Ufaransa ulioandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, wakapige picha za mitelemko isiyo na theluji ya kutelezea. Lakini wao hawaendi na magunia matupu.

Kufika Katito, injini ikachemka. Mama mmoja akatupatia dumu la maji kwa roho safi. Bei yake akaitaja tulipokwisha kulimimina. Kendu Bay shemeji akaswali Ijumaa kwenye msikiti wa zamani, akatoka uso umenawiri, kwani jirani yake wa safu alimnong'oneza kwamba Homa Bay omena wapo. Karibu na hapo kuna Ziwa Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husimulia kuwa lilikuwa kijiji, kikazama kwa kosa la kumnyima bibi kizee chakula. Shemeji aliteremka, akachovya kidole, akaonja. Maji yale ni ya magadi. Alitema mate mpaka Homa Bay.

Homa Bay ndipo msimu uliofungwa unapoonekana kwa macho. Mashua zilikuwa zimefunikwa kifudifudi mchangani, kuku wamejificha jua chini yake. Taa zinazowavuta omena usiku ziwani zilikuwa nchi kavu, mojawapo ikining'inia kwenye kibanda cha chapati. Wavu wa kuanikia omena ulikuwa umefungwa kwenye miti miwili, watoto wakiutumia kama goli. Wavuvi wenyewe walikuwa wanacheza ajua kivulini, na shemeji, ambaye anajiona bingwa wa bao, akasimama juu yao kutoa mashauri ambayo hakuombwa. Mwishowe akauliza habari ya omena.

Kijana mmoja akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kete. "Wako likizo ya uzazi, mzee. Rudi Agosti."

Sijui kilichomuuma zaidi ni habari yenyewe au hilo neno "mzee".

Hotelini tuliagiza ngege. Walioletwa walikuwa wamelingana kama matofali. Shemeji akauliza wamevuliwa ufuo gani. Mhudumu, kijana mwaminifu kupita kiasi, akaenda jikoni kuuliza, akarudi: "China."

Tukalala Mbita. Asubuhi tukavuka daraja hadi Kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Shemeji alisikiliza kwa heshima zote, kisha akataka kujua kama huyo Proconsul alikuwa anakula omena.

Feri ya kwenda Luanda Kotieno ilijaa hadi pumzi. Mpanga magari akatubana kati ya lori la saruji na pikapu ya mbuzi, milango ya gari ikakataa kufunguka. Joto likatulazimu kuteremsha vioo. Shemeji alikuwa ameshika tiketi yetu mkononi, mkono nje ya dirisha, akinieleza jinsi feri ya Likoni inavyoendeshwa kwa utaratibu, mbuzi mmoja aliponyosha shingo akaichukua tiketi taratibu, bila papara, akaitafuna. Ng'ambo, mkaguzi alisikiliza maelezo yetu yote. Akamtazama mbuzi. Akatutazama sisi. Tukalipa tena.

Njiani kurudi, kupitia Ndori, niliomba tusimame Kit Mikayi tuone yale majabali yaliyobebana. Shemeji alikataa katakata. "Kuku hawali mawe," akasema. Wanakula changarawe, lakini haikuwa siku ya kumsahihisha.

Jumapili tukaingia soko la Kibuye, hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Tulikuta omena, tena lundo baada ya lundo, wakavu, wanang'aa. Shemeji aliishiwa maneno. Baada ya kuvutana bei hadi sauti ikamkauka, akamuuliza mama muuzaji wamevuliwa wapi, maana yeye ametoka kulizunguka ziwa.

"Hawa ni wa Mwanza, baba. Huko ndiko wanakopatikana kwa bei nzuri sasa."

Shemeji akanigeukia, macho yamemng'aa, akaniuliza kutoka hapa hadi Mwanza ni kilomita ngapi. Ufunguo wa gari nilikuwa nimeshauingiza mfukoni mwangu.