Mlango Namba 1965

Gemini ni itifaki ya kupeana kurasa kwenye intaneti, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtu ajiitaye Solderpunk. Haina kuki wala matangazo yanayorukaruka. Kivinjari hutuma anwani isiyozidi baiti 1024. Seva hujibu kwa tarakimu mbili, 20 ikiwa ukurasa upo, 51 ikiwa haupo, humkabidhi mgeni alichoomba kisha hukata mawasiliano. Mlango wake ni namba 1965, ukumbusho wa mwaka ambao vyombo vya Gemini vya Marekani vilianza kubeba wanaanga.

Kwa wepesi huo, kusimika seva kama Agate huhesabiwa kuwa kazi ya robo saa: huonyeshwa folda ya kurasa, hutajiwa jina la mashine, basi. Robo saa hiyo huanza baada ya chakula cha jioni na mara nyingi hukutana na adhana ya alfajiri.

Kosa la kwanza ni la mlango. Mwenye seva huijaribu akiwa kwenye mashine ile ile, ukurasa hufunguka, naye huwaalika rafiki zake. Wao hupiga hodi hadi mikono ikauma, kwa kuwa ngome ya mashine haijaambiwa ifungue 1965.

La pili ni la folda. Mvivu huielekeza seva kwenye folda yake yote ya nyumbani, pamoja na barua za kuomba kazi na orodha ya madeni. Hapo itifaki haimwangushi hata kidogo: usimbaji wa TLS ni wa lazima katika Gemini, kwa hiyo orodha ya madeni husafiri ikiwa imefichwa barabara mpaka mikononi mwa yeyote aliyeiomba.

Ila mama wa aibu zote ni cheti. Vyeti vingi vya Gemini hutolewa na mwenye seva mwenyewe, bila mdhamini. Kivinjari hukiamini cheti siku ya kwanza, hukariri alama zake, kisha hutaraji kukikuta kile kile kila siku. Mtu akisimika upya mashine yake bila kunakili ufunguo wa zamani, seva hutengeneza cheti kipya, na wageni wake wa siku zote huonywa kwamba huenda wameingia kwa tapeli. Tapeli huyo ni yeye. Kuandika maelezo ukurasani hakusaidii, maana ukurasa ndio huo huo walioonywa wasiufungue.

Kwenye maandishi balaa ni dogo: kiungo hukaa kwenye mstari wake, kikianza na alama =>. Aliyezoea wavuti hukichomeka katikati ya sentensi, na msomaji huona mshale usiompeleka popote.

Mambo yakishakaa sawa, hufunguliwa kumbukumbu ya seva kuona nani amezuru. Siku ya kwanza wageni huwa wawili: kompyuta ya mwenyewe na simu ya mwenyewe.