Jero ya Chuma
Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilituletea sarafu ya shilingi 500, kwa hoja kwamba noti yake inachakaa upesi. Kweli tupu. Noti ile ilipita kwa wauza samaki, ikalala kifuani kwa mama ntilie, ikatoka inanuka dagaa na imelegea kama mchicha. Sarafu haichakai, nyati wake bado ana pembe zote mbili. Kinachochakaa sasa ni mfuko wa suruali yangu. Konda naye kapata ala ya muziki: akizichezesha kiganjani, tunajua nauli inadaiwa. Mdai chenji, muziki unakatika. Jumapili mzee wa kanisa hana haja ya kuchungulia nani katoa nini. Anasikiliza sahani tu.