Namna ya Kumlaza Tapeli wa Mtandaoni na Njaa

Tapeli wa mtandaoni halimi, hafugi, wala hana kibanda sokoni. Anakula vitu viwili tu: haraka ya mnunuzi na aibu ya aliyeibiwa. Ukimnyima vyote viwili, analala njaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa lengo hilo moja, nami nitafurahi kwa moyo wote siku nitakayosikia tumbo lake likinguruma.

Hatua ya kwanza: Jua umeingia soko lipi

Ukitaja "biashara ya mtandao", mmoja atafikiria duka la Instagram, mwingine atamkumbuka jirani anayemsihi aandikishe watu watatu chini yake. Kwenye biashara ya kweli kuna bidhaa au huduma, kuna bei, kuna anayelipa na anayefikisha mzigo. Pasipo na bidhaa, faida yako ikiwa ni kiingilio cha anayekuja nyuma yako, huo ni upatu haramu. Atakayeingia mwisho ndiye atakayelipia karamu ya waliotangulia.

Soko lenyewe lina milango kadhaa, na kila mlango una tapeli wake. Kampuni huiuzia kampuni: hapo tapeli hutuma ankara iliyofanana na ya kweli, akabadilisha akaunti ya benki tu. Duka humuuzia mlaji: hapo huiba picha za duka jingine na kufungua ukurasa wa jina lile lile. Mtu humuuzia mtu sofa iliyotumika: hapo sofa haipo. Raia huilipa serikali kwa namba ya malipo: hapo hukuletea namba yake ya simu na kukuambia ndiyo njia ya mkato.

Nyuma ya kaunta nako kuna kazi: stoo, hesabu, mishahara, oda za wateja. Kuuza mtandaoni ni mlango wa mbele. Kazi hizo zote zikihamia kwenye kompyuta, nyumba nzima imekuwa ya kidijitali. Basi weka nywila hata kwenye mlango wa uani.

Hatua ya pili: Shika kitenge kwanza

Sokoni Kariakoo, mama hukikunjua kitenge, akakivuta kwenye mwanga, akakisugua kwa vidole, ndipo afungue pochi. Mtandaoni hulipa kabla ya kushika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, pesa ilijifunza kusafiri kwa sekunde. Mzigo bado unapanda basi la usiku. Katika pengo hilo, kati ya pesa iliyokwisha kufika na mzigo ambao haujaondoka, ndipo tapeli alipotandika mkeka wake.

Shangazi yangu aliliona pengo hilo kwa machozi. Alipenda vitenge kwenye ukurasa mmoja, akaambiwa vimebaki viwili, alipe sasa hivi. Alilipa. Dakika kumi baadaye alikuwa amefungiwa, haoni ukurasa wala namba.

Kwa hiyo, fupisha pengo. Omba kulipa ukipokea mzigo. Ikishindikana, omba video ya bidhaa ikitaja jina lako na tarehe ya leo. Muuzaji wa kweli ataipiga kwa dakika moja. Mtume ndugu aliye mjini aende dukani akashike kitenge kwa niaba yako. Jina linalotokea unapolipa lisipofanana na la duka, usiweke namba ya siri. Na ukiambiwa "vimebaki viwili", mwache avivae mwenyewe.

Hatua ya tatu: Salio ndilo shahidi

Nawe muuzaji unawindwa. Mteja anakuonyesha ujumbe kuwa amelipa, nao umeandikwa na mtu kwa kidole chake. Usiuamini ujumbe; fungua menyu yako mwenyewe, tazama salio, ndipo ukabidhi mzigo. Akipiga mtu akidai amekutumia pesa kwa bahati mbaya, mwelekeze kwa mtandao wake wa simu, maana huko ndiko muamala hurejeshwa. Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usikutoe jasho: kama kweli unadaiwa, mpigie unayemfahamu kwa namba uliyonayo siku zote.

Hatua ya nne: Ficha namba ya siri, usifiche kisa

Namba ya siri, na ile ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, hapewi mtu yeyote, hata anayejiita wa huduma kwa wateja. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa namba 15040, na ukiibiwa nenda polisi: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015.

Shangazi alikaa wiki mbili akisema vitenge "viko njiani". Nilimwambia, "Shangazi, anayepaswa kuona haya ni yeye." Jumamosi iliyofuata alisimama kwenye kikoba chao akasimulia yote, mpaka senti ya mwisho. Alipomaliza, mama mmoja aliyeketi nyuma alitoa simu yake, akaigeuza wenzake waone. Vitenge vilikuwa vile vile, na bado vilikuwa vimebaki viwili. Alikuwa anasubiri kikao kiishe ndipo alipe.