Kazi Zaidi, Mshahara Uleule

Kuna waajiri wanaoamini kwamba mtu akichapa kazi saa nane bila kulalamika, basi saa kumi anaziweza, na habari ya nyongeza isitajwe. Hao ndio tunaowahitaji hapa. Katika prosesa ya kompyuta, megahezi ni kazi, volti ni mshahara, na tutapandisha ile ya kwanza bila kugusa ya pili.

Tafuta kwanza wa kumtwika mzigo. Anayefaa ni Core 2 Quad Q6600 ya Intel, ya Januari 2007: viini vinne, 2.4 GHz. Ilianza kwa dola 851, na kufika Julai mwaka huohuo ikawa dola 266. Siku hizi imo ndani ya kompyuta za mtumba, chini ya vumbi la ofisi isiyoikumbuka tena. Ukipata nafasi ya kuchagua, soma maandishi yaliyo juu ya bati lake: SLACR ni toleo la baadaye, la wati 95 badala ya 105. Muuzaji akikuuliza unachungulia nini, sema bei.

Hesabu yake ni fupi. Mazabodi hupiga mapigo ya 266 MHz, prosesa huyazidisha mara 9. Hiyo 9 imefungwa; kuishusha ruksa, kuipandisha marufuku. Kwa hiyo unaingia kwenye bayosi, unafuta 266, unaandika 333, na tayari una 3.0 GHz. Usijisifu mno. Mwaka huohuo Intel wenyewe waliuza QX6850, silikoni ya nanomita 65 vilevile, 333 mara 9, kwa dola 999. Ya kwao kizidishi hakikufungwa, na waliipima kabla ya kuiuza. Ya kwako utaipima usiku, ukiwa na ripoti ya kukabidhi asubuhi.

Kama kompyuta yako ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, huenda bayosi yake haina hata pa kuandika 333. Wapo wasioshindwa: hubandika kipande cha selotepu cha milimita moja hivi juu ya kidoa kimoja kati ya vidoa 775 vilivyo chini ya prosesa, ili mazabodi idhani imeletewa chipu ya 333. Kubandika ni kazi ya dakika tano. Kuitafuta selotepu iliyobanduka ndani ya soketi ni kazi ya jioni nzima.

Sasa mshahara. Kwenye mstari wa volti utakuta neno Auto, na wengi huliacha hapo, kwani si wameapa kutogusa volti? Lakini mazabodi nyingi zikiona mapigo yamepanda, nazo hupandisha volti, kimyakimya na kwa ukarimu, kwa kuwa aliyeiandika bayosi hataki lawama kompyuta ikiganda. Wewe unatamba kijiweni kwamba umefika 3.0 bila nyongeza, kumbe mhasibu analipa posho kila dakika. Na posho hiyo ina gharama: umeme unaoliwa hupanda sambamba na mapigo, ila kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Mapigo peke yake yanakuongezea robo ya joto; tia na asilimia 10 ya volti, unakaribia nusu. Kwa hiyo futa Auto, andika namba. Kila Q6600 hutoka kiwandani na volti yake, hazifanani. Isome kwa programu ya Core Temp kabla hujagusa kitu.

RAM nayo isisahaulike. Iliyokuwa ikikimbia 800, ukiiachia uwiano uleule, itajikuta 1000, itaanguka, na utailaumu prosesa. Ishushe kwanza.

Kisha mtihani. Washa Prime95, programu iliyoundwa kusaka namba tasa kubwa, ambayo imetesa prosesa nyingi kuliko ilivyopata namba. Prosesa ikivumilia usiku kucha, pokea pongezi. Isipovumilia, programu itakuandikia kwamba kosa la kukadiria limefika 0.5 wakati lilitarajiwa kuwa chini ya 0.4, kisha kiini kimoja kitasimama huku vitatu vikiendelea kama havikuona kitu. Mwajiri muungwana hapo angeongeza volti kidogo. Sisi tunashuka hadi 320, na kumwambia kila mtu ni 3.0 kasoro kidogo.

Faida? Kubadili fomati ya video iliyokuwa ikichukua saa nzima kutachukua kama dakika 48. Kompyuta kuwaka kutachukua muda uleule, maana anayesubiriwa pale ni diski, na diski haikuwemo kwenye mpango wetu.

Ikigoma kuwaka kabisa, chomoa waya wa umeme, ng'oa ile betri bapa ya CR2032, subiri kidogo, rudisha. Tarehe itarudi miaka ya nyuma, 333 itakuwa 266, na kwenye mstari wa volti patakuwa pameandikwa Auto.