Gugumaji Anatoa Shukrani

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya Ziwa Victoria,

Barua hii inaletwa kwa niaba ya gugumaji, mkazi wa ziwa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hana mikono ya kuandika, ila shukrani anazo tele.

Kwao ni Amerika Kusini. Alisambazwa duniani kama pambo la madimbwi, kwa sababu ya ua lake la zambarau (uzuri nao una makosa yake), na Mto Kagera ukamfikisha ziwani bila pasipoti. Kufikia 1998 alikuwa ametandaza zulia la zaidi ya hekta 17,000. Sehemu za Ghuba ya Winam zikafunikwa, mitumbwi ya Kisumu ikanasa. Wakaagizwa fukusi wenye asili ya huko huko kwao waje wamtafune, zikaja mashine, wakaja wananchi na mapanga. Ng'ombe keshatoka, ndipo zizi linatafutiwa mlango.

Kinachomfurahisha zaidi ni ukaguzi wa mwaloni. Mtumbwi unavutwa mchangani. Afisa anadai leseni, anatoa rula, anapima tundu la wavu kwa milimita. Juu ya kiatu chake kinadondoka kipande cha gugumaji, mizizi yake myeusi bado inachuruzika maji. Afisa anakipangusa kwa mguu, anaandika «safi». Jioni wavu unapakiwa kwenye lori, kipande kimo, safari ya bwawa jingine. Kipande kimoja kinatosha kuzaa ukoo, na mbegu zake hulala matopeni miaka na miaka zikisubiri.

New Zealand, anasikia, watu hawana adabu kwa wageni. Mwani uitwao didymo ulipoonekana mitoni mwao mwaka 2004, wavuvi walitakiwa kukagua vyombo, kuviosha kwa sabuni na kuvikausha kabla ya kuhamia mto mwingine. Mwaka 2008 hata viatu vya soli za nyuzi zilizoshindiliwa, vinavyofyonza maji, vilipigwa marufuku.

Viatu!

Binamu yake salvinia, gugu jingine la majini, aliyekwisha kubisha hodi upande wa Mwanza, naye anawasalimu.

Ombi ni moja tu: ndoo, sabuni na brashi visifike mwaloni. Vikifika kwa bahati mbaya, vifungiwe stoo, na ufunguo akae nao mtu aliye semina.

Sahihi: mzizi mmoja, bado mbichi.