Jinsi ya Kuhamia Bujumbura: Mwongozo kwa Wasio na Uti wa Mgongo

Ndugu kome, konokono, kaa na jamaa zenu: bandari za pwani zimekwisha kuwazoea. Jaribuni Bujumbura, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Huko hakuna anayewangoja.

1. Pima chumvi yako. Mzaliwa wa bahari tupu, baki kwenu. Ziwa la huko, Tanganyika, ni la maji baridi, utakufa. Wala usijidai binamu wa wenyeji. Ni kweli yavuyavu wapo ziwani, tena konokono wake wana sura ya pwani, hata Mwingereza J. E. S. Moore akaandika kitabu mwaka 1903 akidai ziwa hili lilikuwa tawi la bahari. Wataalamu waliomfuata walimkatalia. Wale ni wenyeji, na wengi wao hawapatikani kwingine duniani.

2. Chagua usafiri. Kome wa pundamilia alivuka Atlantiki ndani ya maji ya farumi, akagunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988, kisha akaziba mabomba ya maji ya miji. Siku hizi njia hiyo ina ulinzi: mkataba wa kimataifa wa farumi ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Lakini mkataba huo hauhusu boti kuukuu inayopandishwa kwenye lori. Njoo nchi kavu, kwenye tope la nanga na nyavu mbichi.

3. Vuka mpaka. Mfanyabiashara ataulizwa risiti, kibali na mihuri. Mifuko yake ya saruji kutoka bandari ya Mpulungu, Zambia, itahesabiwa mmoja mmoja. Wewe nata chini ya mkuku, unyamaze. Karani hodari hapigi mbizi.

4. Usikae bandarini. Panda boti yoyote ya Uvira, Kigoma au Kalemie: ziwa ni la nchi nne, viza hakuna. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini usitamani vilindi, kwani huko hakuna oksijeni. Kaa mwambani karibu na ufuo, uwanyang'anye konokono wenyeji nafasi waliyoizoea kwa mamilioni ya miaka. Usiogope kusombwa: mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, nayo hukaa ziwani karne kadhaa kabla ya kuufikia.

5. Bora zaidi, ualikwe. Kwa nini ujifiche? Kamba mwekundu wa Louisiana aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa mikono ya watu, akafyeka majani ya majini. Ndugu yake wa Australia aliletwa Zambia afugwe; akatoroka, leo yumo Kariba na mto Kafue. Tafuta mradi wenye neno "maendeleo" kwenye jalada. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Wewe utapewa bwawa.

6. Jua cha kuogopa. Nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Lala salama: karatasi haikwangui mkuku. Anayekwangua ni fundi. Basi ukimwona mtu anamwaga maji ya ngama nchi kavu, anasugua boti, kisha anaianika juani siku kadhaa pamoja na nyavu kabla ya kuiteremsha ziwani, safari yako imekwisha. Omba asipate wanafunzi.